Kusukuma Fuwele Bila Kuivunja

Katika maabara nilikosomea shahada ya uzamivu, kusini mwa Ujerumani, kulikuwa na kisanduku cha plastiki kilichojaa fuwele zilizoungua. Hakikufichwa. Kiliwekwa kwenye rafu iliyo juu ya meza ya leza, mahali pa kuonwa na kila anayeingia. Kila fuwele ilikuwa ndani ya kikopo chake kidogo kilichoandikwa jina la kemikali, unene, tarehe na namba nyingine moja ambayo mwanzoni sikuitilia maanani. Fundi mkuu wa maabara alikuwa mzee mwenye vidole vinene, lakini vidole hivyo viliweza kunyanyua kipande chembamba kuliko ukucha bila kukiacha na doa. Alinikabidhi kisanduku hicho pamoja na hadubini, akaniambia nizitazame zote kabla ya kugusa kitu kingine chochote mle ndani.

Kwa macho matupu fuwele ya zinki oksaidi haina cha kuonyesha: ni kipande cha mraba, hakina rangi, kinapitisha mwanga. Chini ya hadubini nikaona kitundu kilichochimbika katikati, ukingo wake umeyeyuka ukaganda tena, na kutoka hapo nyufa fupi zilizonyooka zikifuata mistari ya atomu. Fuwele nyingine zilikuwa na vitundu vilivyopangana kwa mstari, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Hapo mtu alikuwa akiongeza nguvu ya leza, anasogeza fuwele kidogo, anaongeza tena, akitafuta kitu ambacho hakikutokea mpaka fuwele ikatoboka.

Mzee aliporudi aliniuliza kama nimesoma vikopo. Nikamwambia nimesoma.

"Basi niambie, ngapi zimeandikwa 800?"

Nilizipitia tena. Zilikuwa karibu zote.

Hiyo 800 ni urefu wa wimbi la mwanga, kwa nanomita. Ndio mwanga wa leza ya yakuti yenye titani, ambayo tangu miaka ya 1990 imekuwa chombo cha kawaida cha kutengeneza mapigo mafupi sana ya mwanga. Maabara nyingi za fani yetu zinayo, na kwa kuwa zinayo, watu waliishika hiyohiyo walipotaka kuilazimisha fuwele itoe mwanga wa aina nyingine. Nguvu haikuwa haba. Ilikuwa tele, kiasi cha kutoboa kila kitu kilichomo kwenye kile kisanduku. Wimbi ndilo lililokuwa fupi mno kwa kazi iliyotakiwa. Nimelibeba jambo hilo mpaka leo katika ufundishaji wangu, na ningependa kulieleza kwa utaratibu, maana naamini ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ambayo fizikia imeyaona katika miaka yetu hii.

Tuanze na hamoniki zenyewe. Aliyewahi kukaa karibu na spika ya baa iliyofunguliwa kupita uwezo wake anajua kinachotokea. Besi haiji tena kama ilivyorekodiwa. Inakuja na mikwaruzo, sauti kali za juu ambazo hazikuwamo kwenye wimbo. Mikwaruzo hiyo ina hesabu yake. Kama noti iliyoingia ina mitikisiko 100 kwa sekunde, zinazoongezeka ni za 200, 300, 400 na kuendelea, daima mara kamili ya ile ya mwanzo. Spika imeshindwa kuufuata umeme kwa unyoofu, na kila kisichofuata kwa unyoofu huzaa mitikisiko hiyo ya ziada, yaani hamoniki. Elektroni zilizomo ndani ya fuwele zina tabia hiyohiyo. Mwanga ni uga wa umeme unaogeuka mbele na nyuma. Ukiwa hafifu, elektroni huuitikia kwa unyoofu, na rangi inayotoka ni ileile iliyoingia. Ukiwa mkali, hutoka na rangi nyingine ambazo hazikuingia.

Jambo hili lilionekana kwa leza mara ya kwanza mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka mmoja tu baada ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza duniani. Peter Franken na wenzake watatu walipitisha mwanga mwekundu wa leza ya rubi, nanomita 694, kwenye fuwele ya kwatzi, wakapata alama ndogo kwenye nanomita 347, nusu kamili ya urefu ulioingia. Hiyo ni hamoniki ya pili. Makala yao ilipochapishwa, alama yenyewe haikuwemo kwenye picha. Huko jaridani ilidhaniwa kuwa uchafu, ikafutwa. Ukiifungua makala hiyo leo utakuta mshale unaoelekeza mahali patupu. Huwa nauonyesha mshale huo darasani kila mwaka, na kila mwaka kimya kinachofuata hunifurahisha, kwa sababu wanafunzi wanaelewa papo hapo kwamba ugunduzi mkubwa unaweza kuwa mdogo kiasi hicho kwa macho.

Ile ilikuwa hali ya upole. Katika hali hiyo hamoniki ya tatu ni hafifu mno kuliko ya pili, ya nne ni hafifu zaidi, na mtu anayesubiri ya 20 atasubiri bure. Kisha zikaja gesi. Mwaka 1987, huko Saclay karibu na Paris, Anne L'Huillier na wenzake walielekeza leza ya infraredi ya nanomita 1,064 kwenye gesi adimu. Hamoniki za mwanzo zilififia kama ilivyotarajiwa, halafu zikaacha kufifia. Zilipangana safu moja, zikiwa na nguvu inayokaribiana, na kwenye argoni safu ilifika ya 33 kabla ya kukatika ghafla. Kipindi hichohicho kundi la Chicago lililotumia leza ya urujuanimno, yenye wimbi fupi la nanomita 248, lilikuwa limefika ya 17 kwenye neoni. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo: aliyetumia wimbi refu zaidi ndiye aliyepata safu ndefu zaidi.

Maelezo yaliyokubalika yalikuja 1993, Paul Corkum wa Kanada akiyaweka kwa hatua tatu ambazo mtu anaweza kuzichora ubaoni kwa dakika moja. Uga wa mwanga unaipinda atomu mpaka elektroni moja inachomoka. Uga huohuo unaisukuma elektroni mbali. Nusu wimbi likipita, uga unageuka na kuirudisha elektroni kwa kasi kwa atomu iliyoiacha, nayo ikigonga nyumbani, nishati yote iliyoibeba inatoka kwa mkupuo mmoja wa mwanga. Mikupuo hiyo ndiyo iliyozaa fani ya atosekunde, yaani ya mapigo ya mwanga mafupi kupita kiasi, na L'Huillier, Pierre Agostini na Ferenc Krausz wakatunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2023.

Kwa nini basi isifanyike kwenye fuwele? Swali hili lilikuwa la kawaida, na jibu lake lilionekana kuwa la kawaida pia. Katika gesi, elektroni iliyosukumwa huenda nanomita moja au mbili na kurudi bila kukutana na yeyote. Ndani ya fuwele, umbali huohuo una atomu kadhaa, zimebanana. Njia haipo, watu walisema. Isitoshe, ukiongeza mwanga kufikia ukali unaotumika kwenye gesi, fuwele inageuka moshi.

Pingamizi la kwanza lilikuwa limekwisha jibiwa zamani, kabla hata leza haijabuniwa. Felix Bloch, mwishoni mwa miaka ya 1920, alionyesha kwamba elektroni, kwa kuwa ina tabia ya wimbi, hupita katikati ya atomu zilizopangwa kwa utaratibu kamili bila kugonga hata moja. Kinachoizuia ni kasoro: atomu iliyokosekana, atomu ngeni, mtikisiko wa joto. Utaratibu wenyewe haumzuii msafiri. Nilipoielewa hoja hiyo mara ya kwanza, nikiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza Dar es Salaam, nilitoka nje ya maktaba nikatembea kidogo, maana ilinigusa kuliko nilivyotegemea hesabu kuweza kumgusa mtu.

Pingamizi la pili ndilo la kile kisanduku, na hapa inabidi tuhesabu. Zinki oksaidi ni ule unga mweupe ulio kwenye losheni ya kalamaini tunayopakwa tukipata upele, na kwenye krimu nyingi za kukinga jua. Inakinga jua kwa sababu elektroni zake zimetulia kwenye bendi ya chini ya nishati, na juu yake kuna pengo la karibu elektronivolti 3.3 kabla ya kufikia bendi tupu ya juu. Fotoni za mwanga wa kawaida hazitoshi kuliruka pengo hilo, kwa hiyo hupita. Fotoni za urujuanimno zinatosha, kwa hiyo humezwa. Sasa fotoni ya nanomita 800 ina elektronivolti 1.55. Mbili hazitoshi, tatu zinatosha na kubaki. Mwanga wa leza ukiwa mkali, elektroni hukusanya fotoni tatutatu kwa urahisi na kupanda juu kwa makundi, zikifika juu humeza mwanga zaidi na kugonga nyingine zipande, joto linaongezeka, na kitundu kinachimbika. Fuwele inakufa kabla uga haujapata nafasi ya kuzitembeza elektroni umbali wowote wa maana.

Chukua badala yake mwanga wa mikromita 3.8. Fotoni yake ina elektronivolti 0.33 tu. Sasa zinahitajika kumi au zaidi kwa pamoja, jambo gumu mno, hivyo elektroni zinazopanda ni chache na fuwele inavumilia. Kwa upande mwingine, uga wa wimbi refu hudumu muda mrefu zaidi upande mmoja kabla ya kugeuka. Kwa uga wa ukubwa uleule, mwendo unaopewa elektroni ndani ya bendi unakua kadiri wimbi linavyorefuka: kutoka 0.8 hadi 3.8 ni karibu mara tano. Kwa hiyo wimbi refu linafanya mambo mawili yaliyodhaniwa kupingana. Linapunguza kuivunja fuwele, na linazisukuma elektroni zake mbali zaidi.

Shambhu Ghimire, David Reis na wenzao, akiwemo Agostini huyohuyo, walitangaza mwaka 2011 kwamba wamelifanya hilo kwa vitendo. Fuwele yao ilikuwa ya zinki oksaidi, unene wa nusu milimita. Mwanga ulikuwa wa mikromita 3.25, kwa mapigo ya takribani femtosekunde 100, uga ukikaribia volti bilioni 6 kwa mita. Hamoniki zilifika ya 25, yaani elektronivolti 9.5, karibu mara tatu ya pengo la fuwele yenyewe. Fuwele haikuungua. Tena kulikuwa na dalili moja iliyoonyesha kwamba hili halikuwa jambo la gesi lililohamia kwenye kigumu. Katika gesi, ukizidisha uga mara mbili, kikomo cha safu kinapanda karibu mara nne. Kwenye zinki oksaidi kilipanda mara mbili tu, sambamba na uga. Ndani ya fuwele elektroni ilikuwa inatii sheria nyingine.

Niliyaona kwa macho yangu baada ya miezi ya kujifunza kupanga vioo. Mwanga wa mikromita 3.8 hauonekani hata kidogo. Tuliutafuta kwa kadi inayobadilika rangi ikipata joto, doa jeusi likihamahama kwenye kadi huku mkono mwingine ukizungusha skrubu ya kioo. Mzee alizima taa. Baada ya fuwele tuliweka prizma, na baada ya prizma kipande cha karatasi nyeupe kilichobandikwa kwa utepe. Palepale kwenye karatasi palikuwa na alama ya kijani na alama ya zambarau, na pembeni kabisa wekundu mzito ambao macho yalihitaji muda kuukubali. Kijani ni hamoniki ya saba, nanomita 543. Zambarau ni ya tisa, nanomita 422. Wekundu ni ya tano, nanomita 760, mpakani mwa uwezo wa jicho la binadamu. Ya 11 na zilizofuata zilikuwepo, ila ni urujuanimno, na hizo zilihitaji spektromita.

"Geuza fuwele," mzee alisema. "Polepole."

Fuwele ilikuwa imekatwa hivi kwamba mhimili wake mkuu umelala sambamba na uso. Niligeuza kishikio, nyuzi moja baada ya nyingine, mpaka mhimili ukaelekea upande uleule ambao uga wa mwanga ulikuwa ukitikisika. Kati ya wekundu mzito na kijani ikachomoza alama nyekundu nyangavu. Kati ya kijani na zambarau, ya bluu. Hamoniki ya sita na ya nane. Hazikuwepo nukta chache kabla. Sababu yake ni kwamba katika mhimili huo zinki na oksijeni zimepangwa bila ulinganifu: kwenda mbele si sawa na kurudi nyuma. Elektroni inayosukumwa mbele hufanya safari moja, na inayosukumwa nyuma hufanya nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa hamoniki za namba shufwa. Ukiielekeza leza upande ulio na ulinganifu, kwenda na kurudi kunafanana, na hizo zinafutana kabisa. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote. Kuyaona yakiwaka na kuzimika chini ya kidole changu kulikuwa jambo lingine. Mpangilio wa atomu ambazo hakuna hadubini ya kioo inayoweza kuzionyesha ulikuwa umeandikwa kwa rangi kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipoacha kuiona leza kama nyundo. Kazi yetu haikuwa kuipiga fuwele mpaka itoe kitu. Ilikuwa kuuchagua msukumo ambao fuwele inaweza kuujibu kwa habari zake yenyewe. Nakiri kwamba nimekuwa mwalimu wa namna fulani kwa sababu ya usiku ule. Mwanafunzi akikwama, nazuia mdomo wangu usiseme "ongeza bidii", kwa kuwa mara nyingi bidii anayo. Swali alilojiuliza ndilo fupi mno.

Ndani ya fuwele hutokea nini hasa? Hili lilizua mabishano ya miaka, na kwa maoni yangu mabishano hayo ni mazuri kuliko majibu mengi. Elektroni ikipanda bendi ya juu huacha shimo chini, na shimo hilo nalo husukumwa, upande wa pili. Kundi moja lilisema mwanga unatokana na mwendo wa elektroni ndani ya bendi yenyewe: bendi ina kingo, elektroni ikifika ukingoni hurudishwa hata kama uga bado unaisukuma mbele, na mkondo unaopindapinda hivyo hutoa hamoniki. Kundi la pili lilisema hapana, elektroni inakutana tena na shimo lake, kama ilivyo kwa atomu katika gesi, na mwanga unatoka wakati wa kukutana.

Mwaka 2015 kundi la Ottawa, pamoja na Corkum, lilipata njia ya kuiuliza fuwele yenyewe. Walichukua zinki oksaidi na mwanga wa karibu mikromita 3.8, wakaongeza mwanga mwingine hafifu sana wa nusu ya urefu huo. Mwanga huo wa pili ulivuruga kidogo ulinganifu wa kwenda na kurudi, kiasi tu cha kufanya hamoniki shufwa zichomoze. Halafu wakawa wanauchelewesha kwa sehemu ndogo ya femtosekunde na kutazama ni wakati gani kila hamoniki inapata nguvu na wakati gani inapungua. Wakati huo ulitofautiana kutoka hamoniki moja hadi nyingine, kwa namna iliyolingana na elektroni na shimo kukutana. Kwa zinki oksaidi, na kwa hamoniki zilizo juu ya pengo, waliosema "kukutana" walipata ushahidi. Lakini mwaka huohuo kazi iliyofanyika Garching, Ujerumani, kwenye silika, ilielekea kwenye mwendo wa ndani ya bendi. Mwaka mmoja kabla, majirani zao wa Regensburg na Marburg walikuwa wameisukuma galiamu selenaidi kwa mawimbi marefu zaidi, ya terahezi 30, wakaona elektroni zikienda ukingoni mwa bendi na kurudi. Sioni haja ya kumtafuta mshindi. Fuwele ni nyingi na mawimbi ni mengi, na kila mchanganyiko una uwiano wake wa njia hizo mbili.

Kazi niipendayo kuliko zote ni ya 2016. Mwandishi wake wa kwanza ni Georges Ndabashimiye, jina ambalo mtu yeyote aliyekulia Kigoma hulisoma bila kukwama. Walichukua argoni, ileile ya Saclay, wakaipima ikiwa gesi, kisha wakaigandisha na kuipima ikiwa kigumu. Argoni huganda kwenye nyuzi joto 189 chini ya sifuri, na ikiganda atomu zake hazishikani kwa nguvu. Zinakaa tu karibu karibu. Kwa hiyo atomu ni zilezile, leza ni ileile, kilichobadilika ni kuwa na majirani. Argoni ya gesi ilitoa safu moja ya hamoniki na kikomo chake. Argoni ngumu ilitoa safu hiyo, na juu yake safu nyingine, ikapita kikomo cha gesi. Elektroni iliyo na majirani ina bendi nyingi za kupandia, na wanaodhani msongamano ni kizuizi tu inawabidi waitazame picha hiyo kwa makini.

Tangu hapo mambo yamekwenda haraka. Mwaka 2017 hamoniki zilionekana kwenye grafini, karatasi yenye unene wa atomu moja, na kwenye tabaka moja la molibdenamu disalfaidi. Mwaka huohuo kundi la Stanford lilionyesha kwamba ukiigeuza magnisi oksaidi mbele ya leza, nguvu ya hamoniki hupanda na kushuka kwa kufuata mistari ya atomu zake. Kwa mtu asiye wa fani, faida zilizo karibu zaidi ni mbili: kupata chanzo cha mwanga wa urujuanimno wa mbali kisichohitaji chumba kizima cha mitambo, na kuchora ramani ya bendi za kitu kipya kwa mwanga tu, bila kukigusa, hata pale kinapowekwa mahali ambapo vyombo vya kupima elektroni haviwezi kuingia.

Sasa ninafundisha Dar es Salaam. Leza ya namna ile hatuna. Tulicho nacho ni milinganyo, nayo ni mizuri: mfano wa bendi mbili, kwa mwelekeo mmoja, hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida na kumaliza kabla chai haijapoa. Unaiandikia programu pengo la fuwele, umbo la bendi, urefu wa wimbi na ukubwa wa uga. Inakutolea safu ya hamoniki. Unabadilisha kitu kimoja na kuuliza tena. Nilianza na wanafunzi wawili waliojitolea jioni, na sasa kuna binti mmoja anayeandika tasnifu yake ya uzamili juu ya zinki oksaidi ambayo hajawahi kuishika isipokuwa kwenye losheni.

Wiki iliyopita alikuja ofisini na kitu kilichomkera. Ili hamoniki zitoke safi, kila moja peke yake kama zinavyoonekana maabarani, sote tunaotumia mfano huu hulazimika kuiambia programu kwamba uhusiano wa mawimbi kati ya elektroni na shimo lake hupotea baada ya femtosekunde moja au mbili. Ukiiambia kumi, picha inajaa fujo.

"Dokta, hiyo mbili imetoka wapi?"

Nikamwambia imetoka kwenye kulinganisha na vipimo.

"Kwa hiyo tumeichagua kwa sababu picha inapendeza."

Ana haki ya kukereka. Femtosekunde mbili ni muda mfupi mno. Wimbi la mikromita 3.8 lenyewe huchukua karibu 13 kukamilisha mzunguko mmoja. Wapo wanaosema kinachosafisha picha ni safari ya mwanga ndani ya fuwele: katikati ya mwale uga ni mkali, pembeni ni hafifu, elektroni za safari ndefu hutoa mwanga usiolingana kutoka sehemu hizo tofauti, na mwanga huo unafutana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kutoka. Nilimweleza hayo, na tukachora pamoja kwenye ubao wangu mdogo.

Alinyamaza kidogo, akauliza ingekuwaje tukirefusha wimbi. Kama kweli uhusiano unapotea ndani ya femtosekunde mbili, alisema, basi kwa mikromita 5 elektroni inachelewa zaidi kurudi kwa shimo lake, na hamoniki zinapaswa kudhoofika sana kuliko kwa 3.8. Kama kinachosafisha ni safari ya mwanga, kudhoofika huko hakutakuwa kukali hivyo. Maabara yenye leza inaweza kulipima hilo kwa siku chache, na sisi tunaweza kuwapelekea makisio ya pande zote mbili. Amekwisha kuandika sehemu ya kwanza ya programu, na jana jioni nilimwandikia barua yule mzee wa maabara kumuuliza kama leza yake bado inafika 5.